Mwanga Ndani ya Uzi wa Kioo

Uzi wa mkongo wa mawasiliano ni kioo ndani ya kioo: kiini katikati na ganda linalokizunguka, vyote kwa pamoja vikiwa na unene wa mikromita 125. Mwanga huenda polepole kidogo katika kiini kuliko katika ganda, hivyo mwale unaoujia mpaka kati ya viwili hivyo kwa kuulalia hurudishwa ndani wote. Humo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lina urefu wa karibu mita 970. Mwanga huumaliza urefu huo kwa sehemu tano katika milioni za sekunde.

Nyuzi za kiini kipana, cha mikromita 50 au 62.5, huupa mwanga njia nyingi. Mashua zilizotoka bandari ya Nyamisati, katika delta ya Rufiji, pamoja zikatawanyika katika vijito vya mikoko hazifiki baharini pamoja. Ndivyo pigo la mwanga linavyotanuka hadi kuliingilia linalofuata, ujumbe ukavurugika. Dawa iliyopatikana inastaajabisha kwa uzuri wake: kiini hutengenezwa ili mwanga uende kasi zaidi kadiri unavyosogea ukingoni, hata mwale wa njia ndefu ukawahi. Hata hivyo, nyuzi hizi ni za masafa mafupi, hasa ndani ya majengo.

Kwa masafa marefu, Mkongo wa Taifa wa Tanzania unaoelekea Lindi na Mtwara kupitia Kibiti unahitaji uzi wa njia moja. Kiini chake ni mikromita 9 hivi. Mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 1,550, hupita humo kilomita 15 kabla ya kupoteza nusu ya nguvu zake. Umbali huo unatokana na usafi wa kioo: mwaka 1966 wahandisi Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba kinachomeza mwanga zaidi ni uchafu uliomo katika kioo.

Wembamba wa kiini unaoufaa mwanga ndio unaompa kazi fundi wa kuunga nyuzi. Huambua plastiki, hufuta uzi kwa spiriti, huikata ncha yake iwe wima kabisa, kisha mashine hulinganisha kiini kwa kiini na cheche ya umeme huviyeyusha vikawa kimoja. Rufiji na Kibiti ni nchi ya tope na mafuriko, kama yale ya Aprili 2024, na chembe moja ya vumbi huharibu kiungo. Fundi mwadilifu hukata upya ncha asiyoiamini. Kiungo chake hupoteza chini ya desibeli 0.1, yaani kama asilimia 2 tu ya mwanga.