Mfuga Minyoo na Maua Yake

Kizuri chajiuza, na ushahidi uko Eldoret, kwenye vitalu vya maua vilivyopangwa kando ya barabara. Mtu huona petunia zimechanua, akasimamisha gari, akachagua na kwenda zake. Ni nadra kuulizwa ua lile limelishwa nini. Ninayetaka kumsifu ni huyo mlishaji: mkulima wa maua anayefuga minyoo wekundu nyuma ya kitalu, ndani ya kreti ya mbao iliyofunikwa gunia.

Kaunti ya Uasin Gishu, ulipo mji huu, ni nchi ya mahindi na ngano, na mbolea hapa maana yake ni gunia la kilo 50. Msimu wa kupanda ukikaribia, gumzo ni mbolea ya DAP: imefika au haijafika, inauzwaje. Serikali iliposhusha bei ya gunia la ruzuku hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, habari hiyo ilizidi siasa kwa utamu. DAP imetulisha, sikatai, ingawa ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa huuongezea udongo tindikali. Lakini pia imetuzoesha kuamini kwamba anayemwaga zaidi ndiye atakayevuna zaidi. Mfuga minyoo hana nafasi ya imani hiyo. Kazi yake yote imesimama juu ya kiasi.

Anza na chakula. Samadi ya ng'ombe kwetu si haba, ila ikitiwa mbichi hutoa joto na amonia, na minyoo hufa au hutoroka. Kwa hiyo huachwa kwanza ioze na kupoa. Mabua ya sukuma wiki, maganda ya ndizi na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa hukatwakatwa na kutandazwa tabaka jembamba, na tabaka la pili husubiri la kwanza liishe. Ukiwajazia kwa huruma, chakula huchacha na kreti hunuka. Mnyoo hupumua kwa ngozi: pakikauka anakufa, pakifurika anakosa hewa. Fundi hana kipimo cha dukani; huchota konzi moja na kuiminya. Likidondoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, anaongeza majani makavu au karatasi zilizochanwa. Mji nao unamsaidia, kwa kuwa uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na minyoo hawa hustawi kwenye joto la nyuzi 15 hadi 25. Baridi ya Julai ikiwapunguzia hamu ya kula, naye hupunguza anachowapa.

Mavuno yana ustadi wake. Mnyoo huchukia mwanga. Charles Darwin, aliyetoa kitabu kizima juu ya minyoo mwaka 1881, aliwafuga kwenye vyungu ndani ya chumba chake cha kazi, akawamulika usiku aone watafanya nini. Fundi wetu huitumia tabia hiyohiyo. Humwaga kreti juu ya karatasi ya nailoni penye jua, akafanya vichuguu vidogo. Minyoo hukimbilia chini; yeye hukwangua tabaka la juu kwa vidole, akangoja, akakwangua tena, hadi kinapobaki kifundo cha minyoo waliosokotana, ambao hurudishwa kazini. Mkononi hubaki mboji nyeusi ya chembechembe, kama kahawa iliyosagwa.

Mwenye mboji nzuri hivyo hushawishika kuijaza chungu kizima. Clive Edwards na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipoijaribu kwa petunia na maua mengine, waliona kwamba faida kubwa huja mboji ya minyoo inapokuwa sehemu tu ya mchanganyiko. Ikiwa peke yake, faida hupungua. Ina chumvi zake, na hushika maji mno kwa mizizi inayotaka hewa. Nitrojeni nayo ikizidi, mmea hunenepa majani na kuchelewa kuchanua. Debe moja la mboji kwa madebe matatu ya udongo na mchanga linatosha.

Sidai kwamba kreti hizi zitalisha mashamba ya mahindi ya Moiben, humu Uasin Gishu. Ekari ni nyingi, minyoo ni wachache. Lakini chungu cha ua ni kidogo kiasi cha mtu kukijua chote, na kwa mmea unaokuzwa ili utazamwe, mkulima anaweza kumudu subira ambayo mwenye deni la trekta hawezi.

Tatizo ni kwamba ua lililoharakishwa na hili lililosubiriwa hufanana siku ya soko. Basi ukienda kununua, mwombe mwuzaji auchomoe mche taratibu, uone chini. Ukikuta mizizi myeupe, michanga, imeenea pande zote bila kuzunguka ukuta wa chungu, lipa bei aliyoitaja. Humo mna wiki nyingi za mtu aliyekuwa na uwezo wa kuongeza, akaacha.