Ng'ambo Isiyo na Maji: Mkono wa Bahari wa Unguja katika Riwaya ya Adam Shafi

Mji wa Unguja ulikuwa karibu kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Mashariki ya Mji Mkongwe palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kutoka kaskazini, maji yakijaa na kupwa, na upande wa kusini ikabaki shingo nyembamba tu ya nchi kavu karibu na Mnazi Mmoja. Mitaa iliyokuwa mbele ya maji hayo ikaitwa Ng'ambo, na mahali pa kuvukia pakaitwa Darajani. Kazi ya kulifukia hori hilo ilifanywa kipande kwa kipande tangu mwanzo wa karne ya 20, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 maji yalikuwa yamekwisha. Daraja haliko wala hori haliko. Yamesalia majina, soko, na barabara pana.

Jina lililopotelewa na kitu chake laweza kufanya kazi gani katika hadithi? Hilo ndilo jambo la kutazamwa katika Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, ambayo matukio yake ni ya miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yaani miaka ile ile ambayo maji ya mwisho yalikuwa yakizibwa kwa udongo. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Raza, mfanyabiashara mwenye umri mkubwa, anaikimbia ndoa hiyo. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, na huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigana na serikali ya kikoloni. Umbali wa kwenda kwa Mwajuma ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Walakini kwa Yasmin ni safari kubwa kuliko ile ya Mombasa, kwa sababu Mombasa alipelekwa, na Ng'ambo alikwenda mwenyewe.

Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu hiki. Watawala waliuona mkono ule wa bahari kuwa ni mpaka wa kutenga watu. Mpango wa mji ulioandikwa na H. V. Lanchester mwaka 1923, na ule wa Henry Kendall wa 1958, yote miwili iliukuta mji uliokwisha kugawanywa katika fikira za wakubwa: mawe huku, udongo na makuti kule. Adam Shafi anaugeuza mpaka huo kuwa kivuko. Tena haonyeshi mtu wa Ng'ambo akivuka kwenda kuomba mjini, bali mtoto wa mjini akivuka kwenda kuhifadhiwa na maskini. Ni mageuzi madogo kuyataja, lakini riwaya nzima imesimama juu yake.

Hata hivyo pana kasoro, na wasifu wa kitabu hauna haja ya kuificha. Ng'ambo ya Vuta N'kuvute imeelekea mno kuwa mahali pa ukarimu, ngoma na siri za wanasiasa, hata ikawa kana kwamba haina matajiri wala wenye nyumba wanaodai kodi. Historia yasema vingine. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja kwa wenye ardhi. Na nyumba za mawe zilikuwako huko, kama ambavyo vibanda vya udongo vilikuwako Mji Mkongwe katika karne ya 19. Atlasi ya Ng'ambo iliyochapishwa mwaka 2019 imesaidia kuyaweka wazi mambo haya kwa ramani. Mwandishi aliyeubomoa ukuta wa wakoloni, basi, ameacha msingi wake ardhini.

Riwaya hii imesomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita Tanzania nzima, na wengi wao hawajaiona Unguja. Kwa kijana wa Mtinko, katika mkoa wa Singida, ng'ambo ni Ulaya, au ni ukingo wa pili wa mto. Lakini mito ya nchi ile ni ya msimu: masika hupita maji, kiangazi hubaki mchanga, na watu huvuka kwa miguu mikavu huku wakisema bado kwamba wanakwenda ng'ambo. Huenda msomaji huyo akalifahamu jina la mtaa wa Mwajuma upesi kuliko mtu wa Dar es Salaam, ambaye bahari yake haijapata kuondoka. Mwalimu anayelipita neno hili darasani bila kulieleza, akikimbilia dhamira na wahusika, amewanyima wanafunzi mlango wa kitabu.

Filamu ya Amil Shivji iliyotolewa mwaka 2021 kutokana na riwaya hii ina shida ya namna nyingine. Kamera haiwezi kupiga picha ya maji yaliyofukiwa, nayo hulazimika kuonyesha tofauti za pande mbili kwa kuta, mavazi na nuru. Maandishi hayana dhiki hiyo: kila Yasmin anapotajwa kuwa yuko Ng'ambo, hori limetajwa pamoja naye. Bahari yenyewe Adam Shafi alikwisha kuiandika katika Kuli, mwaka 1979, ambamo makuli wa bandarini wanaelekea kwenye mgomo wa 1948. Huko maji ni ya kazi na jasho, na kila mtu anayaona.