Kutoka Kiitikio hadi Nafsineni: Sauti ya Mtunzi katika Nyimbo za Remmy Ongala

Katika uhakiki wa muziki wa dansi wa Tanzania, bendi huelekea kuchukuliwa kuwa ndiyo mtunzi, na mpigaji mmojammoja humezwa na jina la kundi. Mkabala huo haumtoshi Remmy Ongala (1947–2010), mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeanza kwa kupiga ngoma na gitaa katika bendi za wengine. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila.

Badiliko kubwa zaidi halikuwa la bendi bali la nafsineni. "Mimi" wa nyimbo nyingi za mapenzi katika dansi ni vazi la pamoja. Mwimbaji yeyote wa bendi aweza kulivaa. "Mimi" wa Ongala ana mwili na tabaka. Jina la Sura Mbaya, ambalo lingekuwa tusi, alilifanya cheo. Na anwani "Sauti ya Mnyonge" inatangaza wazi anayesema ni nani. Hata katika "Kifo", ambamo kifo kinapewa tashihisi ya katili asiye na huruma, maombolezo ni ya mtu aliyefiwa, si ya kwaya.

Gharama ya nafsineni hiyo inadhihirika katika "Mambo kwa Soksi", wimbo unaohimiza matumizi ya kondomu wakati wa janga la UKIMWI. Soksi ni tafsida, na kazi ya tafsida ni kusitiri. Hata hivyo, Radio Tanzania haikukubali kuurusha hewani. Neno lililoteuliwa ili kulinda heshima lilipokewa kana kwamba limeivunja, na lawama ikamwangukia msemaji mwenye jina.

Je, huu ni usanii wa pekee? Albamu ya *Songs for the Poor Man* (Real World, 1989) inatanguliza jina la Ongala mbele ya bendi, lakini magitaa ya wenzake ndiyo yanayoijibu sauti yake na kuubeba wimbo maneno yanapokoma. Aidha, mnyonge anayetajwa kwa Kiingereza katika anwani anauzwa kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawayaelewi maneno yake. Kwa hiyo, Ongala hakuiacha bendi. Aliyapanga upya mamlaka ya usemaji ndani yake. Uhakiki unaomtukuza mtunzi na kuwasahau waitikiaji utakuwa umewarudisha wengine katika kivuli kilekile alichotoka yeye.