Kupima Ubora wa Chuma cha Vitumbua: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kariakoo

Chuma cha vitumbua ni kikaango kizito chenye mashimo ya duara, mara nyingi saba, sita yakilizunguka moja la katikati, ambamo rojo la mchele uliosagwa pamoja na tui la nazi, hamira, sukari na iliki humiminwa na kuiva kwa mafuta kidogo. Chombo cha namna hii hakiko katika Pwani ya Afrika Mashariki peke yake, kwani Watamil wa kusini mwa India hupikia paniyaram katika chombo kinachofanana nacho, watu wa Madagaska hupikia mofo gasy, Wajapani wa Osaka hupikia takoyaki, na Wadenmark hupikia æbleskiver. Hata mashine ya waffle ya Kibelgiji ni ya ukoo huohuo, kwa sababu nayo hulipa rojo umbo na joto kwa wakati mmoja. Vyombo hivi vyote huhukumiwa kwa kanuni moja, nayo ni usawa wa joto: chombo bora ni kile ambacho kitumbua cha pembeni huiva humo sawasawa na cha katikati, kwa dakika zilezile na kwa rangi ileile. Sifa nyingine zote zinazotajwa hapa chini ni njia za kuikisia sifa hiyo moja kabla chombo hakijafika motoni.

Malighafi

Katika maduka ya vyombo yaliyolizunguka jengo la Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, mnunuzi hukutana na vyuma vya aina tatu. Ya kwanza ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Ya pili ni alumini ya kusubu, ambayo hutengenezwa pia na mafundi wa hapa nchini kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Na ya tatu ni alumini nyembamba ya kiwandani iliyopakwa utando wa tefloni ili rojo lisigande.

Tofauti ya malighafi hizi inatokana na namna zinavyolichukua joto. Alumini hulisambaza joto upesi kuliko chuma cha kusubu, kiasi cha mara nne hivi, na kwa hiyo hata moto wa katikati tu hufika pembezoni bila kuchelewa. Chuma cha kusubu ni kizito zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini yenye ujazo uleule, na katika ujazo huo hutunza joto zaidi kwa takriban theluthi moja, ndiyo maana rojo la baridi likimiminwa ndani yake joto halishuki sana. Kwa sababu hiyo alumini nene huwafaa wanaopika kidogo na wanaotaka chombo kiwahi kushika moto, ilhali chuma cha kusubu huwafaa wanaopika mfululizo, kama mama lishe anayeuza vitumbua vya asubuhi, mradi akipe muda wa kutosha kupata moto. Alumini nyembamba haina faida yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa hupoa mara tu rojo linapoingia na huunguza mara tu moto unapozidi. Tena utando wa tefloni huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 za selsiasi, kiwango ambacho chombo kitupu kilichosahauliwa juu ya moto hukifikia kwa urahisi.

Jambo moja halionekani kwa macho wala halisikiki kwa sikio, nalo ni usalama wa alumini iliyotokana na vyuma chakavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo vya alumini vya kusubu kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba vingi kati yake vinaweza kuachia madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa kuwa mnunuzi hana namna ya kujua kama fundi aliyeyusha masufuria ya zamani au vipuri vya magari na betri, busara ni kuchagua chuma cha kusubu pale asili ya alumini isipojulikana, na kutolaza rojo lililochachuka ndani ya chombo cha alumini, kwa sababu uchachu huongeza kasi ya madini kuingia katika chakula.

Ukaguzi dukani

Ukaguzi huanza kwa mkono. Chuma huinuliwa kwa mpini na kukadiriwa uzito wake, kisha kingo zake hutazamwa kwa upande, kwani unene unaobadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine ni dalili kwamba kalibu ilihama wakati wa kumimina. Chombo cha chuma cha kusubu huning'inizwa na kugongwa kwa fundo la kidole: kisicho na ufa hulia kwa mlio mrefu, na chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Vitundu vidogo vilivyoachwa na hewa wakati wa kusubu huvumilika vikiwa upande wa nje, lakini vikiwa ndani ya shimo hunasa rojo, rojo huungua humo, na kila kitumbua kinachofuata hung'oka kikiwa na jeraha mahali palepale.

Umbo la shimo linastahili uangalifu mkubwa kuliko yote. Shimo jema lina kina cha wastani na kitako cha mviringo kisicho na kona, na uso wake ni laini kiasi kwamba kidole kikizungushwa ndani hakikwami popote. Shimo lenye kuta zilizosimama wima hukifanya kitumbua kuwa kigumu kugeuza, na lenye kina kupita kiasi hukiivisha nje likaacha ubichi ndani. Usawa wa mashimo hupimwa kwa maji: chuma huwekwa mahali palipo sawa, kijiko kimoja cha maji hutiwa katika kila shimo, kisha usawa wa maji hulinganishwa shimo kwa shimo. Palipo na tofauti inayoonekana, pana mashimo yasiyolingana, na vitumbua vyake havitaiva pamoja.

Baada ya mashimo hukaguliwa kitako cha nje. Suala hili limekuwa na uzito zaidi katika miaka hii ambapo familia nyingi za mjini zinahama kutoka jiko la mkaa kwenda jiko la gesi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mkaa hutandaza joto chini ya chombo chote, ilhali kichomeo kidogo cha gesi huelekeza ndimi za moto katikati, na hivyo chuma kilichovumilika juu ya mkaa huweza kuonyesha upungufu wake juu ya gesi. Mpikaji wa gesi anahitaji chuma kinene ambacho kipenyo chake hakizidi sana upana wa kichomeo, chenye kitako kinachokaa bila kuyumba. Kwa majiko ya umeme yanayopasha kwa nguvu ya sumaku, alumini tupu haifai kabisa, na ni chuma cha kusubu chenye kitako bapa pekee kitakachoshika moto.

Mwenye kununua mashine ya waffle huongozwa na mantiki hiyohiyo: huchagua mabamba mazito yenye vyumba vinavyolingana kina, huhakikisha kwamba mashine imeundwa kwa umeme wa volti 230 unaotumika nchini, na hupendelea mabamba yanayotoka ili yaoshwe.

Matumizi na matunzo

Chuma kipya cha kusubu huoshwa, hukaushwa juu ya moto, hupakwa mafuta kidogo ya kupikia na kuchomwa hadi moshi upungue, na kazi hiyo hurudiwa mara tatu au nne. Mafuta yanayochomwa hivyo hubadilika kuwa utando mgumu ulioshikana na chuma, na utando huo ndio unaozuia kitumbua kugandia na kutu kuingia, jambo la lazima katika hewa ya Dar es Salaam yenye unyevu na chumvi ya bahari. Baada ya kila mapishi chuma hufutwa kingali na uvuguvugu, na hakilowekwi usiku kucha.

Wakati wa kupika, chuma hupashwa taratibu kwa moto wa wastani hadi tone la maji likidondoshwa lirukeruke. Mafuta kidogo hutiwa katika kila shimo, rojo hujazwa hadi robo tatu ili lipate nafasi ya kuumuka, na kitumbua hugeuzwa pale kingo zinapokauka na vitundu kutokea juu. Sukari iliyozidi huungua na kugandisha hata katika chuma kizuri, kwa hiyo hukumu juu ya chombo itolewe kwa rojo lenye sukari ya kiasi.

Hukumu hiyo hutolewa katika mzunguko wa tatu, kwani wa kwanza huathiriwa na chuma kisichopata moto vizuri na wa pili na mafuta ambayo hayajaenea. Vitumbua saba hutolewa kwa pamoja, hupasuliwa na kulinganishwa: vya pembeni vikiwa na rangi ya dhahabu, kingo kavu na vinyweleo ndani kama cha katikati, chombo kimethibitisha thamani yake. Cha katikati kikiungua na vya pembeni vikabaki vyeupe, kwanza moto upunguzwe na chuma kipashwe kwa muda mrefu zaidi. Tofauti ikiendelea, kasoro iko katika unene wa chuma chenyewe, na hakuna ustadi wa mpishi utakaoifuta. Kwa sababu hiyo gharama ya chuma kizito kilichosubiwa vizuri hulipwa mara moja, wakati bei nafuu ya chuma chepesi hulipwa kila asubuhi kwa rojo linaloharibika.