Lugha Mbele ya Kiumbe Asiye na Gamba

Elimu ya wanyama wa baharini imeegemea kwa muda mrefu yale yasaliayo mnyama akifa: kombe, mfupa, jiwe la tumbawe. Koa wa baharini hasalizi kitu. Akitiwa katika spiriti hukunjamana na rangi yake huchujuka. Kwa hiyo utambuzi wake hutegemea sana maelezo ya aliyemwona hai, na maelezo ni kazi ya lugha. Makala haya yanahakiki maelezo ya namna mbili: ya Sir Charles Eliot na ya kamusi za Kiswahili.

Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza hadi alipojiuzulu mwaka 1904, hukumbukwa zaidi kwa siasa yake ya kuwapa walowezi ardhi. Hata hivyo alikuwa pia bingwa wa lugha, mwandishi wa sarufi ya Kifini ya mwaka 1890, na mtaalamu wa makoa wa baharini. Maandishi yake juu ya makoa wa Unguja na pwani ya bara, yaliyotegemea kwa sehemu mkusanyo wa Cyril Crossland wa 1901-1902, yana usahihi wa kusifiwa: humpasua mnyama na kuhesabu safu za meno ya ulimi wake. Lakini huo ni usahihi wa mezani. Rangi na mwendo wa mnyama ambaye hakumwona hai ilimbidi avipokee kwa wengine, na mpiga mbizi hawezi kuhesabu meno ya kiumbe atambaaye mwambani.

Kamusi zetu zina kasoro ya upande wa pili. Kiswahili ni tajiri pale bahari igusapo chungu, soko au ngozi ya mtu: pweza na minyiri yake, ngisi, dome, jongoo wa pwani. Asiyeliwa wala kuuzwa wala kuwasha, aghalabu hana mahali. Tangu kamusi ya Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, mtindo wa kutosheka na "aina ya" samaki au mdudu umezoeleka mno. Maelezo hayo humwambia msomaji kabila la kiumbe, yasimwambie sura yake.

Udhaifu huo hudhihirika mbele ya viumbe watatu wa miamba ya Bahari ya Hindi. Wa kwanza ni koa aitwaye kitaalamu Phyllidia varicosa, mwenye matuta ya buluu na vinundu vya manjano juu ya weusi. Wa pili ni mtoto wa jongoo Pearsonothuria graeffei, ambaye utotoni huvaa vazi hilohilo, ingawa akikua hubadilika kabisa. Wa tatu ni mnyoo bapa, ambaye baadhi ya aina zake huiga makoa wa ukoo huo. Koa hutoa sumu, na samaki humwepuka; waigaji hujikinga kwa sura yake. Mwenye kueleza rangi peke yake atawachanganya wote watatu.

Kinachowatenganisha ni umbo. Koa ana pembe mbili za kweli kichwani, awezazo kuzirudisha ndani, na mashavu yake ya kupumulia yamefichwa ubavuni, chini ya joho la mgongo. Jongoo hana pembe. Ana minyiri mifupi kuzunguka kinywa na vijiguu vingi vya kushikia mwamba. Mnyoo ni mwembamba mfano wa jani, na pembe zake, akiwa nazo, aghalabu ni mikunjo tu ya ukingo wa mwili. Maneno yote hayo ni ya Kiswahili cha kawaida. Upungufu, basi, haumo katika lugha bali katika mazoea ya mtunga kamusi.

Jambo hili si dogo. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuokota viumbe kumekatazwa. Mzamiaji hutoka majini na picha na maneno tu. Mvuvi naye ameona mengi ambayo hayajaandikwa. Kidahizo cha koa-bahari chapasa kufuata utaratibu mmoja: umbo kwanza, kisha pembe, mahali pa mashavu, mwendo, na rangi mwisho. Kamusi itakayofanya hivyo itamwezesha mvuvi na mwanafunzi kuzungumza juu ya mnyama mmoja wakijua kuwa ni huyohuyo.