Maji Kwanza, Gari Baadaye: Zana za Zimamoto Zinazoufaa Mji wa Garissa

Gari la zimamoto la Uingereza, la aina inayoletwa Afrika Mashariki baada ya kustaafishwa kwao, kwa kawaida hubeba lita 1,800 za maji. Mpira wa milimita 45 ukifunguliwa sawasawa unatoa kama lita 450 kwa dakika. Piga hesabu: dakika nne. Kwenye mtaa wa London dakika hizo zinatosha, kwa kuwa kabla hazijaisha mzimamoto mmoja ameshafungua haidranti ya barabarani na maji hayakatiki tena. Kwenye bulla (vitongoji) za wadi ya Iftin, mjini Garissa, dakika nne zikipita dereva anaanza kutafuta pa kugeuzia gari akajaze tena, huku wenye mali wakimtolea maneno makali na moto ukipanda nyumba ya jirani.

Lawama hapo huwa ni zilezile: wazimamoto wamechelewa, wamekuja na maji kidogo, kaunti haijali. Pengine zina ukweli. Lakini ukiutazama moto wenyewe kwa jicho la fundi, utaona kwamba gari lilinunuliwa au likapokelewa peke yake, bila vile vitu vinavyolifanya kuwa gari la zimamoto. Kila zana katika kazi hii inadai zana nyingine. Mpira unadai kiungio kinachooana nao, barakoa inadai mtungi, mtungi unadai kompresa, na pampu inadai mahali pa kunyonya. Tangu Katiba ya 2010 ilipoikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga, mwenye kuamua kinunuliwe nini ni kaunti yenyewe. Kwa hiyo swali la zana si la wahandisi wa Nairobi tena.

Tuanze na kinachoungua. Sehemu kubwa ya makazi ya pembezoni mwa Garissa ni mchanganyiko wa nyumba za matofali, vibanda vya mabati, na herio za fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, maturubai na magunia. Katikati ya boma na boma kuna ua wa matawi ya miiba yaliyokauka. Ua huo ndio utambi. Cheche ya jiko ikirushwa na upepo wa mchana, herio moja inateketea kabla mtu hajamaliza kuita "dab!", yaani moto kwa Kisomali, na majirani kutoka na madebe, na moto unafuata ua kuelekea boma la pili. Huko sokoni hali ni nyingine: vibanda vya nguo, viatu na plastiki vimebanana, vichochoro ni vyembamba, na nyaya za umeme zimeunganishwa kienyeji. Gikomba jijini Nairobi ni ushahidi wa kutosha wa soko la aina hiyo. Moto wa alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15, na malalamiko ya kwamba magari hayawezi kupenya kati ya vibanda yamekuwa yakirudiwa kila soko hilo linapoungua.

Mioto hii miwili haitaki zana sawa. Wa herio ni mwepesi na wa kasi: maji kidogo yanautosha, ila yafike mapema. Kinachoufaa ni pikapu yenye tangi la lita 400 au 500, pampu ndogo ya presha ya juu na mpira mwembamba wa kuviringishwa kwenye pipa, ambao kwa lita 100 kwa dakika unampa mzimamoto dakika nne au tano za kazi. Ni dakika nne zilezile za gari kubwa, kwa robo ya maji, na pikapu inapita kichochoro ambacho lori halipiti. Pamoja nayo ziwepo zana ambazo hakuna mfadhili anayepigwa picha akizikabidhi: panga, reki za chuma, na ndoano ndefu ya kuvuta ua na paa. Mtu mwenye ndoano akikata ua wa miiba hatua kumi mbele ya moto, ameokoa maji ambayo hayakuwepo. Wanaopanga kambi za wakimbizi wanaujua ukweli huu. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani, unataka nafasi wazi ya mita 30 kila baada ya mita 300 za makazi, na angalau mita mbili kati ya banda na banda. Kule Dadaab, kama kilomita 100 kutoka mjini, kambi zilianza kujengwa mwaka 1991 na zikafurika watu kuliko zilivyopangiwa. Nafasi ya namna hiyo ni kitu cha kupigania kila siku.

Moto wa soko ni mzito. Unataka maji mengi yasiyokatika, na hapa ndipo Garissa ina bahati ambayo haitumii vizuri: Mto Tana uko pale pale, na mji umejaa maboza ya maji. Boza la lita 10,000 likijazwa kwa pampu ya lita 1,000 kwa dakika linachukua dakika kumi. Mpe dereva dakika kumi za barabarani kwenda na kurudi, na tano za kumwaga. Jumla ni dakika 25, sawa na lita 400 kwa dakika kutoka kwa boza moja tu. Maboza mawili yanatoa 800, na hapo mipira miwili karibu inafanya kazi bila kusimama hadi moto uishe. Ni hesabu ya darasa la sita, lakini ndiyo inayoamua soko linabaki au linakwisha.

Hesabu hiyo inaharibika kwa kitu kidogo: tundu la kumwagia. Maboza yetu yametengenezwa kuuza maji, si kuyamwaga. Lita 10,000 zikipita kwenye bomba la inchi mbili zinachukua muda mrefu mno, na boza linageuka tangi lililoegeshwa njiani likizuia wenzake. Wazimamoto wa vijijini Marekani, ambako nako haidranti hazipo, walilitatua tatizo hili kwa vitu viwili: mlango mkubwa wa kumwagia nyuma ya tangi, na bwawa la turubai linalokunjuliwa chini kwenye fremu ya chuma. Boza linafika, linamwaga, linaondoka. Gari la zimamoto linanyonya kutoka bwawani. Mlango huo fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaweza kuuweka, na bwawa la turubai la lita 8,000 au 10,000 si kitu cha kulinganisha bei na gari. Anayetaka kusoma zaidi atafute kiwango cha NFPA 1142, cha chama cha Marekani cha kuzuia moto, kinachohusu maji ya kuzimia moto mahali pasipo na mabomba. Viwango vya NFPA husomwa bure mtandaoni kwa anayejiandikisha.

Upande wa mtoni nako kuna ufundi wake. Pampu inayonyonya kutoka ukingoni haiwezi kuinua maji zaidi ya mita saba hivi, haidhuru ina nguvu kiasi gani, kwa sababu anayeyasukuma maji juu ni hewa ya dunia, si injini. Wakati wa kiangazi Tana inashuka na ukingo unakuwa mrefu. Maji yenyewe yana tope linalokula mapanga ya pampu, kwa hiyo chujio lisikae chini kabisa. Na asitumwe kijana kuingia majini kulishikilia, kwa kuwa mamba wa Tana si hadithi. Pampu inayoelea hurushwa mtoni ikiwa imefungwa kamba, inasukuma maji badala ya kuyavuta, na inaondoa matatizo yote mawili ya kina na mamba kwa mkupuo. Pale pa kujazia pajengwe sehemu ngumu iliyoinuka. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yameonyesha maji ya mto huu yanafika wapi.

Kisha viungio. Kenya ilirithi kiungio cha Kiingereza cha inchi mbili na nusu, chenye dume na jike, kinachosukumwa na kujifunga. Gari la Ujerumani linakuja na Storz, ambacho pande zote mbili ni sawa na hufungwa kwa kuzungusha. La Marekani lina nyuzi za kukaza. Vitatu hivyo havishikani. Hasara yake ilishaonekana: tarehe 7 Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, ulianza kuungua, na vikosi vya miji mingine vikaja kwa treni kusaidia. Vingi vilikuta mipira yao haiingii kwenye haidranti za pale. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Adapta ya shaba ingalibadilisha mengi. Kila gari la msaada linaloingia Garissa lingepaswa kuwa na sanduku la adapta kabla halijapewa namba ya usajili, pamoja na vibano vya kuziba mpira uliotoboka, maana mwiba wa mti wa mathenge unaotoboa gurudumu la gari hauheshimu mpira wa maji.

Sasa mavazi. Koti la kuingilia moto ndani ya nyumba lina tabaka tatu: la nje la kuhimili miali, la kati la kuzuia maji na mvuke, na la ndani la kuzuia joto. Limebuniwa ili joto lisiingie, na kwa sababu hiyo hiyo la mwili halitoki. Ukiongeza mtungi, helmeti na buti, mtu amebeba kilo 20 na zaidi, katika mji ambao mchana wa nyuzi 36 ni jambo la kawaida. Kwa maoni yangu mzimamoto wa Garissa anahitaji nguo za aina mbili: hilo koti zito kwa kazi ya ndani tu, na suti nyepesi ya tabaka moja isiyoshika moto, kama wanayovaa wazimamoto wa msituni, kwa herio, ua na nyasi. Kumvisha koti zito mtu anayezima ua nje ni kumtafutia kiharusi cha joto. Akitoka ndani, avue koti na atumbukize mikono hadi viwiko kwenye beseni la maji ya baridi. Wanamaji wa Uingereza waliifanyia utafiti njia hiyo na ikaonekana inashusha joto la mwili kwa haraka. Beseni tu. Katika Ramadhani jambo hili linakuwa zito zaidi, na ni vyema mkuu wa kituo akae na masheikh wa mji kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu fiqhi inamruhusu anayeokoa roho kufungua na kulipa siku yake. Kijana asiachiwe kuliamua mwenyewe katikati ya moshi.

Suala la ndevu nalo linazungumzwa kwa aibu wakati ni la kifundi tu. Barakoa ya hewa inaziba kwa mpira unaogusa ngozi. Ndevu zikipita chini ya mpira huo, hewa inavuja na mtungi unakwisha mapema. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi baa 300 una lita zipatazo 2,000. Anayefanya kazi ngumu hutumia 50 au zaidi kwa dakika, hivyo ana dakika 40 kwenye karatasi, na zaidi kidogo tu ya nusu saa kabla ya mluzi wa tahadhari kulia. Mjini New York wazimamoto waliotaka kubaki na ndevu kwa sababu za ngozi walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaupa mji ushindi. Garissa, ambako wanaume wengi hufuga ndevu kwa kufuata Sunna, haina haja ya kufika huko. Wanaochagua kunyoa wawe kikosi cha ndani. Wenye ndevu waendeshe gari, pampu na mipira ya nje. Kazi hizo si za daraja la chini, na zipangwe kwa majina kabla kengele haijalia. Ila kabla ya kununua barakoa hata moja, ijulikane mitungi itajazwa wapi. Kompresa ya kujazia magurudumu inatoa hewa yenye mafuta na haifiki popote karibu na baa 300.

Kuhusu kusoma, kitabu cha kwanza ningekiweka ndani ya gari, si kabatini: ule mwongozo wa jalada la rangi ya chungwa uitwao Emergency Response Guidebook, unaotolewa upya kila baada ya miaka minne, na unaopakuliwa bure. Barabara ya Garissa inapitisha malori ya mafuta kwenda Wajir na Mandera. Afisa akiona namba 1203 kwenye kibao cha lori anajua ni petroli, na mwongozo unamwambia kwamba tangi likishika moto watu wasogezwe mita 800 kila upande. Ikiwa ni 1075, gesi ya kupikia, ni mita 1,600. Kule Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa sababu walikuwa wamelizunguka lori lililoanguka wakichota mafuta. Kazi ya kwanza pale ilikuwa kuwaondoa watu. Povu lingefuata baadaye.

Cha pili ni ripoti za NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ambazo tangu 1998 zinachunguza vifo vya wazimamoto kimoja kimoja: nani aliingia, saa ngapi, alikuwa na hewa kiasi gani, redio ilisema nini. Hazina mapambo, ndiyo maana zinafundisha. Essentials of Fire Fighting cha IFSTA ni kizuri lakini ni ghali, nakala moja ya kituo inatosha. Kanuni za Kenya za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 ni za lazima kwa afisa anayekagua maduka. Vyote hivyo viko kwa Kiingereza, na pampu nyingi za Garissa zitaendeshwa na watu wanaofikiri kwa Kisomali na kuagizana kwa Kiswahili. Kadi ya ukurasa mmoja, iliyopakwa plastiki na kufungwa ubavuni mwa pampu kwa lugha hizo mbili, itaokoa muda kuliko kitabu kizima.

Kwa afisa wa ununuzi ambaye mezani pake kuna barua ya mfadhili: kabla ya kujibu, muulize aina ya kiungio, mwaka ambao makoti yalitengenezwa, na tarehe ya mwisho mitungi ilipopimwa kwa presha. Kanuni za Marekani huyastaafisha makoti baada ya miaka kumi, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu yanagawiwa. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2022, kwa hiyo koti chakavu lenye masizi ya miaka ya mtu mwingine si zawadi. Yakija majibu mabaya, omba badala yake mabwawa mawili ya turubai, pampu moja inayoelea na sanduku la adapta.