Deni la Dola 200

Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana. Katika filamu ya Paper Moon, mtoto wa miaka tisa anadai vyote viwili, na anayedaiwa ni tapeli.

Filamu hii ya Peter Bogdanovich ilitoka mwaka 1973, ikapigwa kwa nyeusi na nyeupe. Tupo Kansas na Missouri, Marekani, miaka ya 1930, uchumi umeanguka na kila mtu anahesabu senti. Moses Pray anasoma matangazo ya vifo gazetini, kisha anabisha hodi kwa mjane akiwa na Biblia yenye jina la mjane huyo kwa herufi za dhahabu. Marehemu ndiye aliyeiagiza, anasema, limebaki deni dogo tu. Nani atakataa zawadi ya mwisho ya mumewe?

Tapeli huyu anafika kwenye mazishi ya mwanamke aliyewahi kuwa naye, na anabebeshwa mtoto wa marehemu, Addie, ampeleke kwa ndugu wa mama yake huko Missouri. Kabla hawajafika mbali anajipatia dola 200 kwa jina la yatima huyo, na anazitumia. Addie alisikia kila kitu. Mgahawani, mbele za watu, anapaza sauti akidai pesa yake. Moses hana, kwa hiyo inabidi wasafiri pamoja mpaka deni liishe.

Je, ni baba yake? Addie anashikilia kwamba taya zao zinafanana; Moses anakana. Hadithi hailimalizi suala hilo. Bogdanovich, hata hivyo, amewapa nafasi hizo Ryan O'Neal na Tatum, binti yake wa kumzaa, na macho yetu yanaona jibu ambalo maneno yanalificha. Tatum alipata tuzo ya Oscar akiwa na miaka 10, mshindi mdogo kuliko wote wa Oscar ya kushindaniwa mpaka leo.

Nadhani kufanana huko ndiko kunakotuvuruga. Tunasubiri Moses akiri kuwa ni baba, tunasahau kutazama hesabu. Addie anatunza fedha yao, na anawasoma watu kuliko mwalimu wake. Mlangoni kwa mjane fukara aliyezungukwa na watoto, anasema Biblia imeshalipiwa. Kwa mjane mwenye mali, anapandisha bei. Moses anakasirika mara zote mbili. Hapo tunaona nani kati yao ana dhamiri, ingawa ni dhamiri ya mtu anayeendelea kuiba.

Ndiyo maana siikubali tafsiri inayosema mtoto anamwokoa tapeli. Moses hatubu. Wajane hawarudishiwi chochote. Na yupo Imogene, msichana mweusi anayemtumikia Trixie, mwanamke ambaye Moses amemchukua njiani. Addie na Imogene wanapanga njama safi ya kumwondoa Trixie, nao wanafaana kama ndugu kwa siku chache. Kisha gari linaondoka bila Imogene. Filamu inacheka, inaendelea na safari. Kama undugu ni kufaana, mbona wa Imogene unaishia hotelini? Swali hilo filamu hailiulizi, na kwangu ndilo doa lake kubwa.

Hata hivyo, mwisho wake una ukweli wa aina yake. Addie anafikishwa kwa ndugu wa mama yake: nyumba nzuri, piano, mapokezi ya upendo. Anatoroka na kumfuata Moses barabarani. Hamwambii kwamba anampenda, wala hamwiti baba. Anamkumbusha kwamba bado anadaiwa dola 200. Wakiwa wanabishana, lori lao bovu linaanza kuteremka lenyewe, na inawabidi walikimbilie wote.

Moses angeweza kukana damu siku zote, kwa kuwa hakuna ushahidi. Deni hawezi kulikana, maana Addie alikuwepo na alisikia. Katika maisha yake yote ya kudanganya watu na kuhama kabla hawajashtuka, huyu ndiye mdai wa kwanza anayejua anakokwenda. Tapeli habadiliki kuwa mtu mwema. Anapata tu mtu mmoja ambaye hawezi kumkimbia, na anapolirukia lile lori, haonekani kama anataka kulipa haraka.